Kukagua matangi, mabomba na gati la mafuta kwa droni hapa Mombasa: mwongozo kamili kuanzia karatasi hadi ripoti

Kama wataka kuingia kwenye kazi ya kukagua vituo vya mafuta na gesi kwa droni, au wewe ni injinia wa depo na bosi amekuambia utafute watu wa droni ili muache kulipia skafoldi kila mara, basi soma hapa polepole. Nitaenda hatua kwa hatua lakini si kwa kipimo kimoja, kuna mahali nitakaa sana kwa sababu ndipo kazi nyingi hukwama, na pengine nitapita tu.

Kwa nini Mombasa? Manake karibu mafuta yote yanayotumika Kenya yashukia hapa Kilindini. Kuna gati jipya la Kipevu lililozinduliwa 2022, liko katikati ya maji na laweza kufungia meli nne kwa pamoja. Kuna matangi ya Kipevu na ya Shimanzi, kuna ile iliyokuwa rifainari ya Changamwe, ilianza kusafisha mafuta 1963 ikaacha 2013 lakini matangi yake bado yanawekewa mafuta. Kuna matangi ya gesi ya kupikia upande wa Miritini. Na kutoka Changamwe bomba lapanda hadi Nairobi, kilomita 450 hivi, laini ya zamani ya inchi 14 tangu 1978 na ile mpya ya inchi 20 tangu 2018. Chuma chote hicho kimekaa kwenye hewa ya chumvi usiku na mchana, na anayetumwa kukiangalia ni kijana aliyefunga mkanda akipanda skafoldi ya mita 18 kwenye jua la saa saba. Kumtoa yule kijana kule juu ndiyo sababu kubwa ya kazi hii, bei ni ya pili.

Droni yafanya nini, haifanyi nini

Droni ya kawaida yaona vitu vya nje: kutu, rangi iliyofura, bamba lililobonyea, bolti iliyokosekana, reli ya ngazi iliyolika, tundu la kupumulia tangi lililozibwa na kiota cha ndege, maji yaliyotuama juu ya paa. Haioni unene wa chuma, haioni sakafu ya tangi, na sakafu ndiyo hulika kimyakimya zaidi kwa sababu imelalia mchanga na unyevu. Kwa hivyo usimuahidi mteja kwamba umefanya ukaguzi kamili wa tangi. Kiwango kinachotumika sana kwa matangi, API 653, chataka ukaguzi wa nje ufanywe na inspekta aliyeidhinishwa angalau kila miaka 5, na ule wa ndani wataka tangi litolewe mafuta. Wewe na droni yako mwamletea inspekta picha, uamuzi ni wake. Ukilielewa hili mapema utaheshimiwa depo zote, na ukijifanya wewe ndiye inspekta utafukuzwa siku utakayosema kutu ni ya juu juu na kumbe sivyo.

Hatua ya kwanza: uliza swali kabla ya kutaja bei

Ukipigiwa simu uambiwe "njoo utupigie tangi picha", usitaje bei hapo hapo. Uliza mwataka kujua nini. Mmoja ataka kujua rangi ipakwe sehemu gani ili asipake tangi zima. Mwingine ana bamba lililobonyea na ataka kujua limebonyea kiasi gani, hiyo ni kazi ya ramani ya pande tatu. Wa tatu ashuku ufa kwenye mshono wa kuchomelea. Hizo ni kazi tatu tofauti kwa droni, kwa lensi na kwa muda.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua ukubwa wa doti moja (pikseli) ya kamera, zidisha na umbali, gawanya kwa urefu wa fokasi wa lensi, ile namba ya milimita iliyoandikwa kwenye lensi. Mfano droni ya Mavic 3 Enterprise, kamera yake pana ina doti za mikroni 3.3 na lensi ya milimita 12.3 hivi, ukisimama mita 10 kutoka kwenye bamba kila doti ya picha ni milimita 2.7, ukisogea mita 5 yawa 1.3. Sasa kitu unachokitafuta chataka kichukue angalau doti tatu ndio ukiamini macho yako, kwa hivyo pale mita 5 kitu kidogo zaidi utakachokiona vizuri ni kama milimita 4. Kwa rangi iliyobanduka yatosha kabisa. Kwa ufa mwembamba kama unywele haitoshi hata kidogo, wataka lensi ya kuvuta karibu, na hata hapo picha itaonyesha tu mahali pa kushuku kisha fundi wa vipimo aende na dawa zake za kuonyesha ufa. Andika hesabu hii kwenye barua ya bei. Mteja akiona kwamba umejua utasimama umbali gani na kwa nini, hatakushindanisha na mpiga picha za harusi.

Hatua ya pili: karatasi, na hapa anza mapema sana

Anayesimamia droni Kenya ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, chini ya kanuni za mwaka 2020. Droni isajiliwe, rubani awe na leseni ya urubani wa droni, na kampuni inayofanya kazi ya malipo iwe na cheti chake cha uendeshaji, si rubani peke yake. Bima ya kulipa hasara ya watu wengine iwepo. Na kama droni hujainunua bado, omba kibali cha kuingiza kabla ya kuagiza, la sivyo italala forodhani wewe ukizunguka na risiti.

Kanuni zenyewe zasema usipite futi 400 kutoka ardhini, ambayo ni mita 120 hivi, uwe waiona droni kwa macho yako muda wote, ukae mita 50 na watu na mali zisizohusika na kazi yako, na usiruke ndani ya kilomita 10 za uwanja mkubwa wa ndege bila ruhusa. Sasa fungua ramani. Uwanja wa Moi uko pale Port Reitz. Changamwe, Kipevu, Miritini, hata Shimanzi upande wa kisiwani, zote zaingia ndani ya hizo kilomita 10. Yaani hapa Mombasa hakuna depo ya maana utakayoruka bila kuzungumza na watu wa anga, na ng'ambo ya maji kule Mtongwe kuna kambi ya wanamaji ambayo hutaki kabisa kamera yako iigeukie.

Kwa hivyo ombi lako liwe safi. Weka alama za ramani za pembe zote za eneo, tarehe, saa za kuanza na kumaliza, simu ya rubani ambayo itakuwa mkononi si chajini, na juu kabisa utakakofika. Hapa kuna jambo watu hulikosa: usiombe mita 120 kwa sababu tu sheria yaruhusu. Tangi lina mita 15 hadi 20, ukiomba mita 40 umetosheka, na mtu wa mnara wa ndege akiona mita 40 juu ya eneo lenye ukuta anaelewa haraka kwamba hutakutana na ndege yake. Siku ya kazi mpigie mnara kabla ya kuwasha na mpigie tena ukimaliza, kila siku, hata kama jana ulipiga.

Halafu kuna ruhusa ya mwenye depo kwa maandishi, na ukigusa upande wa bandari kuna KPA, mamlaka ya bandari, na usalama wao. Ukaribu wa nyumba nao usiupuuze, Chaani, Migadini, Changamwe yenyewe, watu wanaishi ukutani kabisa. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na picha ya mama akianika nguo juu ya paa lake haikuhusu. Elekeza kamera ndani ya depo, na siku moja kabla nenda kwa mzee wa mtaa umwambie, "Mzee shikamoo, kesho mtasikia mlio huko juu, ni sisi twakagua matangi, hatupigi nyumba za watu." Dakika tano hizo zakuepusha na umati langoni.

Hatua ya tatu: droni yako yaweza kuwasha moto

Hapa nitakaa. Droni nyingi mno zilizoko sokoni hazikujengwa kwa maeneo yenye mvuke unaowaka. Ina mota zinazozunguka, betri ya lithiamu, nyaya za umeme mkubwa, na ikianguka betri ikatoboka yatoa moto wenyewe. Kwa hivyo swali si kama droni ni salama, swali ni kama mahali inapopita pana mvuke.

Muombe injinia wa depo ramani ya maeneo ya hatari. Zimegawanywa zoni: Zoni 0 mvuke upo muda wote, kama ndani ya tangi lenye petroli. Zoni 1 waweza kuwepo kwenye kazi ya kawaida, kama kuzunguka tundu la kupumulia. Zoni 2 si kawaida kuwepo na ukitokea hauchukui muda, kama ndani ya ule ukuta mfupi unaozunguka tangi. Ichapishe, chora juu yake njia ya droni kwa kalamu, na popote mstari wako unapoingia Zoni 0 au 1 uufute. Kwa Zoni 2 kaa na msimamizi wa usalama muamue pamoja, na mkiamua kuingia iwe kwa pamiti ile ile ya kazi za moto, kana kwamba mwaingia na mashine ya kuchomelea.

Kuna mambo matatu ya matangi ambayo rubani lazima ayajue kama alivyojua rimoti yake. Kwanza, tangi linapojazwa linapumua nje. Mafuta yakiingia chini, mvuke wasukumwa juu watoka kwenye tundu, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa kwa hivyo wateremka ukutani na kutuama ndani ya ule ukuta mfupi. Kwa hiyo tangi likiwa lapokea mafuta kutoka melini, hakuna kuruka, hata kama ruhusa yaisha saa hiyo. Weka mtu mwenye redio kontroo rumu ambaye kazi yake ni moja, kukuambia tangi gani laanza kupokea. Pili, tangi la paa linaloelea: paa likishuka, nafasi iliyo juu yake ndani ya kuta ni Zoni 1, na picha za ule muhuri wa mpira unaozunguka paa zavutia kweli lakini usishuke humo. Simama nje juu ya ukingo, vuta kwa lensi. Tatu, bidhaa zenyewe hazifanani. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, dizeli yahitaji ipashwe zaidi ya nyuzi 55 hivi. Kama depo ni mpya kwako na timu yako ni changa, anza na matangi ya dizeli, ya petroli mtayafikia.

Gesi ipimwe kabla ya kila mruko, si asubuhi mara moja tu. Mtu wa mashine ya kupima apite chini ya njia ya droni, hasa upande ule upepo unakoelekea, na akae na mashine imewashwa wakati wote. Sehemu nyingi wanasimamisha kazi ikifika 10% ya kile kiwango cha chini cha mvuke kuweza kuwaka. Mimi kwa droni msimamo wangu ni mkali zaidi, ikisoma chochote juu ya sifuri droni yarudi, tuulize maswali ikiwa chini.

Na upepo sasa. Kila mtu atakuambia ruka alfajiri kukiwa kumetulia. Kwa picha ni kweli. Lakini hewa ikitulia kabisa mvuke nao hauondoki, walala palepale ulipotokea. Mimi napendelea upepo mwepesi usiokatika, mita 3 hadi 5 kwa sekunde, na droni ikae upande upepo unakotoka, hivyo mvuke wapelekwa mbali nayo, na hata mota ikizimika ghafla waweza kukadiria itaangukia wapi.

Hatua ya nne: chagua droni

Hapa sitakaa sana. Kwa tangi la nje na mabomba ya juu, droni ndogo ya kazi kama Mavic 3 Enterprise au ile yenye kamera ya joto, Mavic 3 Thermal, yatosha kwa kazi nyingi. Kwa gati, upepo mkubwa na lensi ya kuvuta mbali, nenda kwa Matrice 350 RTK, nzito zaidi na yavumilia manyunyu kidogo. Zote mbili mtengenezaji asema zahimili upepo wa mita 12 kwa sekunde, wewe ukiona 8 shusha, kati ya tangi na tangi upepo hubanwa ukaongezeka kasi na kuzunguka. Kwa ndani ya tangi ni droni iliyozungushiwa kizimba kama Elios 3, inayoweza kugonga ukuta bila kuvunjika. Usinunue zote. Kodi ile utakayoitumia kwa nadra.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Kusi ikiwa kali, Juni hadi Agosti, panga mruko kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne asubuhi, baada ya hapo upepo wa bahari waongezeka na picha zatetema. Kaskazi ni afadhali kidogo. Kipindi cha tanga mbili, kusi ikiondoka na kaskazi haijashika, ndicho kizuri zaidi ila mvua za ghafla. Usipange kazi ya siku tatu mwezi wa tano kisha ulaumu mvua.

Asubuhi hiyo mkutano mfupi: nani rubani, nani anaangalia anga, nani ana mashine ya gesi, nani ana redio, tutakimbilia wapi king'ora kikilia, na neno moja la kusimamisha kila kitu. Neno hilo laweza kutamkwa na yeyote, hata askari wa lango. Simu za kawaida ziachwe getini kama depo yataka hivyo, na betri zichajiwe ofisini, kamwe si ndani ya eneo la matangi.

Weka sehemu ya kurukia nje ya ukuta wa matangi, juu ya zulia lake ili vumbi lisiingie motani, na mbali na chuma. Dira ya droni ikikaa karibu na tangi au juu ya zege lenye nondo yachanganyikiwa, ukiirekebisha hapo umeiharibu zaidi, tembea mita 30 uirekebishe kwenye ardhi tupu. Weka urefu wa kurudi nyumbani yenyewe uwe juu kuliko kitu kirefu zaidi njiani, pamoja na nguzo ya radi na mnara wa taa, watu husahau mnara wa taa.

Na kunguru. Wageni hucheka wakisikia mpaka wawaone. Kunguru wa Mombasa wakiamua hicho ni kitu kigeni karibu na kiota chao, wanakuja kumi kwa mara moja, na mwewe naye hushuka bila kelele. Yule anayeangalia anga asitazame droni tu, atazame miti na nguzo. Wakija, usikimbizane nao, panda wima kisha rudi, wao hupendelea kushambulia kwa kushuka.

Hatua ya sita: kuruka tangi moja, bamba kwa bamba

Tangi limejengwa kwa safu za mabamba kuanzia chini hadi juu. Tumia safu hizo hizo kama ramani yako. Chagua alama ya kuanzia isiyohama, mimi hutumia ule mlango wa chini wa kuingilia, nauita saa kumi na mbili, yaani penye namba 12, kisha nagawanya tangi kama uso wa saa. Droni yapanda wima mbele ya saa kumi na mbili kutoka safu ya kwanza hadi ukingo wa juu, yasogea pembeni, yashuka, hivyo hivyo mpaka izunguke. Picha ziingiliane 70% hadi 80% ili baadaye zishonwe pamoja bila pengo. Umbali uwe ule ule kutoka ukutani, mita 5 kama tulivyohesabu, na hapa angalia: tangi jeupe lisilo na alama lachanganya macho ya droni, sensa zake haziwezi kupima umbali vizuri kwenye ukuta usio na michoro, na GPS nayo yagongagonga kati ya matangi mawili. Usiamini sensa peke yake, mweke msaidizi pembeni anayeona nafasi kati ya droni na ukuta, akusomee kwa redio "tano, nne, rudi".

Upande wa jua picha zaungua weupe. Anza upande wa magharibi asubuhi ukiwa kivulini, rudi wa mashariki jua likipanda na kuhama kidogo. Punguza mwanga wa kamera kidogo kuliko inavyotaka yenyewe, kutu ndani ya kivuli waweza kuiinua kwenye kompyuta lakini sehemu iliyoungua weupe imepotea.

Sehemu za kusimama na kutazama zaidi: chini kabisa pale ukuta unapokutana na sakafu, maana maji hutuama hapo, chini ya ngazi inayozunguka kila mahali ilipochomelewa, ule mkanda wa chuma wa juu unaoimarisha tangi, kwa kuwa mchanga na kinyesi cha ndege hukusanyika juu yake bila kuonekana kutoka chini, na paa karibu na nguzo za ndani. Ule mkanda wa juu peke yake hulipa gharama ya droni, maana fundi wa chini haoni upande wake wa juu kabisa, na ndio unaolika. Kila kasoro ipige picha tatu, ya mbali ionyeshe tangi zima, ya kati ionyeshe safu, ya karibu ionyeshe kasoro. Ile ya karibu peke yake haina maana, kutu ni kutu, hakuna atakayejua ilikuwa wapi. Rudi na 30% ya betri, si 15.

Hatua ya saba: kamera ya joto na kamera ya gesi

Kamera ya joto yadanganya sana kama huijui tabia yake. Yapima mionzi, haipimi joto lenyewe. Ukuta uliopakwa rangi hutoa mionzi vizuri, karibu 0.9 na zaidi kwa kipimo cha 0 hadi 1, namba yake yaaminika. Lakini bomba lililofungwa bati la alumini linalong'aa liko chini kabisa, 0.1 hivi, na unachokiona juu yake ni joto la mbingu na la jengo la jirani limeakisiwa. Utaona doa la bluu baridi juu ya bomba la moto uandike kwamba blanketi la ndani limeloa maji, kumbe ni anga. Badilisha pembe ya kamera: doa likihama nawe ni mwakisiko, likibaki pale pale basi lina habari.

Halafu doti zake ni kubwa. Mavic 3 Thermal ukiwa mita 10 doti moja ya joto ni kama sentimita 1.3, na wataka angalau doti tatu kwa tatu ili namba iaminike, kwa hivyo kitu kidogo kuliko sentimita 4 usikiandikie nyuzi. Andika tu "kuna tofauti".

Inapofaa sana ni kuona kiwango cha mafuta na tope ndani ya tangi. Saa mbili tatu baada ya jua kuchomoza sehemu yenye hewa ya juu imeshapata moto haraka, sehemu yenye mafuta yachelewa, mstari unajichora wenyewe ukutani, na tope la chini nalo huwa na mkanda wake. Kuna wanaopenda kufanya jioni ambapo inageuka, lakini kuruka usiku kwataka kibali cha ziada, asubuhi yakutosha.

Na tafadhali, kamera ya joto ya kawaida haioni gesi inayovuja. Kamera ya kuona mvuke wa mafuta ni nyingine kabisa, ina kipozaji ndani na yaangalia mionzi ya karibu mikroni 3.3, bei yake yatisha. Kuna pia kifaa cha leza cha methani, kizuri kwa gesi asilia, lakini gesi yetu ya kupikia ni propani na butani, kile cha leza ya methani kitapita juu ya uvujaji wa Miritini bila kulia. Mteja akikuambia "tafuta uvujaji" muulize wa gesi gani kabla hujakodi chochote.

Ndani ya tangi, gatini, na kwenye laini

Ndani ya tangi ni baada ya kutolewa mafuta, kusafishwa na kupimwa hewa, oksijeni iwe ile ya kawaida 20.9% na mvuke sifuri. Faida ni kwamba mtu hapandi skafoldi ndani ya giza. Hakuna GPS, taa ni ya droni yenyewe, betri zaisha baada ya dakika kumi hivi, na chuma chazuia mawimbi ya redio, kwa hivyo rubani asimame mlangoni kabisa na antena ielekee ndani. Mlinzi wa mlango abaki pale pale ingawa hakuna mtu ndani. Siku hizi kuna droni zenye kidole cha kupima unene kwa mawimbi ya sauti, wapaka jeli, droni yasukuma kidole ukutani, namba yasomeka. Nzuri, ila panapogusa pawe safi, penye magamba ya kutu namba itakudanganya.

Gatini jambo la kwanza ni kwamba meli ikishusha mafuta hakuna kuruka. La pili, maji yachanganya sensa za chini ya droni, zizime zile za kutua yenyewe na uruke kwa mikono. Chini ya sakafu ya gati GPS yapotea, na ukipoteza mawasiliano hapo droni ikijaribu kupanda kurudi nyumbani itajigonga kwenye zege juu yake. Kabla ya kuingia chini badilisha mpangilio isimame hewani badala ya kurudi. Tazama nguzo kuanzia maji kupwa hadi juu kidogo ya maji kujaa, pale juu mawimbi yanaporukia ndipo kutu hula sana, kwa hivyo angalia ratiba ya maji, ruka maji yakiwa yametoka.

Kwenye laini ya kwenda bara, kazi ni kutazama njia yenyewe: nani amejenga juu yake, wapi mvua imekula udongo bomba likaonekana, wapi majani yamekauka ghafla au udongo umelowa mafuta, wapi pamechimbwa upya usiku. Hii si kazi ya urembo. Mtaa wa Sinai Nairobi, Septemba 2011, mafuta yaliyovuja yalishika moto na watu zaidi ya 100 wakafa, wengi wakiwa majirani wa laini. Ukiruka mbali kuliko jicho laona wataka kibali kingine kabisa cha KCAA, kwa hivyo wengi hugawanya laini vipande, wanaruka kipande, wanahamisha gari, wanaruka tena.

Chumvi na betri

Kila jioni pangusa droni kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba, kiwe kimekamuliwa, kisha kikavu, hasa mota na maungio ya mikono. Chumvi haiui siku hiyo, yaua mota ya tatu baada ya miezi ukiwa juu ya maji. Propela zikiwa na mkwaruzo badilisha, ni bei ndogo. Betri zisilale zimejaa kwenye gari la jua, ziache nusu, 40% hadi 60%, kwenye chumba chenye feni. Ikifura hata kidogo, imekwisha.

Hatua ya mwisho: ripoti inayosomwa

Inspekta hana haja ya picha elfu mbili kwenye flashi. Mpe jedwali: namba ya tangi, safu ya ngapi, saa ngapi kwenye ule uso wa saa wa tangi, kasoro gani, ukubwa wa kukadiria, umbali uliopigia, na namba za zile picha tatu. Uzito wa kasoro panga ngazi chache tu mlizokubaliana naye mapema, mfano ya leo leo, ya ndani ya miezi, na ya kufuatilia. Ile ya leo leo usiingoje ripoti, piga simu ukiwa bado depo. Pale ulipokosa kuona, mfano nyuma ya bomba au upande wa Zoni 1, andika wazi "hapakuonekana", manake sehemu isiyotajwa msomaji huichukulia ni nzima.

Faili ya njia ya mruko ihifadhi kwa jina la tangi, pamoja na lensi na umbali uliotumia, na nakala mbili sehemu mbili tofauti. Picha hizo ni za depo, usiziweke mtandaoni hata iwe jua lilikuwa zuri. Ukirudi mwaka ujao pakia faili ile ile, droni isimame pale pale, mita zile zile, ili inspekta aziweke picha mbili za safu ya tatu saa tisa ubavu kwa ubavu na aone kama lile doa limekua.